Karamu ya Mwisho Ukutani Kibera: Teknolojia ya Kunakili Michoro kwa Kamera

Leo tuziweke kando lugha za kompyuta na hifadhidata. Nataka tuzungumzie teknolojia ya karne ya 19 ambayo matokeo yake yananing'inia kwenye kuta zetu hapa Nairobi, ingawa wengi wetu hatujawahi kuiita teknolojia.

Ingia nyumba kadhaa za Kibera, kuanzia Laini Saba hadi Kianda. Kisha panda matatu hadi Kawangware, ushuke stage ya 46, uingie nyingine. Katika nyumba za Wakristo utakuta kalenda, picha ya harusi au ya mahafali, na mara nyingi sana picha ya Yesu. Huenda yuko mezani na wanafunzi wake kumi na wawili, au anaomba Gethsemane akiwa amepiga magoti kando ya jiwe, au anaonyesha moyo unaowaka kifuani. Nyingine zimetiwa kwenye fremu ya mbao na kioo, nyingine zimefumwa kwenye kitambaa kinachong'aa, nyingine ni za plastiki na hubadilika ukisogea.

Picha hizo zilianza kama michoro iliyochorwa kwa mkono na watu wenye majina. Karamu ya Mwisho ilichorwa na Leonardo da Vinci ukutani katika chumba cha kulia cha watawa mjini Milan, naye akaimaliza kama mwaka 1498. Picha maarufu ya Moyo Mtakatifu ilichorwa na Pompeo Batoni mjini Roma mwaka 1767. Ile ya Gethsemane ni ya Mjerumani Heinrich Hofmann, aliyeichora mwishoni mwa karne ya 19, na leo iko katika kanisa la Riverside, New York.

Swali langu ni hili: Yesu amechorwa mara nyingi mno duniani, basi kwa nini ni michoro hii michache iliyofika hadi kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi Kawangware? Wapo watakaosema ni kwa sababu ni mizuri kuliko mingine. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba iliwahi foleni ya kunakiliwa. Na foleni hiyo ilipangwa na watu wenye mitambo, mikataba na kesi mahakamani. Tuifuate hatua kwa hatua.

Kabla ya kamera

Kabla ya kamera, mchoro ulinakiliwa na fundi aliyeuchonga upya, mstari kwa mstari, kwenye bamba la shaba. Bamba lilipakwa wino, likakandamizwa kwenye karatasi, na hivyo nakala nyingi zikatoka. Nakala ya Karamu ya Mwisho iliyoenea kuliko zote Ulaya ilichongwa na Raffaello Morghen mwaka 1800. Morghen hakukaa mbele ya ukuta wa Milan akichonga. Alifuata mchoro wa penseli uliofanywa na msanii mwingine. Kwa hiyo aliyenunua kazi yake alinunua nakala ya nakala.

Jambo hili unaweza kulipima mwenyewe. Mwaka 1652 watawa wa Milan walitoboa mlango katika ukuta ule, na mlango huo ukakata sehemu ya chini ya mchoro, mahali palipokuwa na miguu ya Yesu. Sasa itazame picha iliyo ukutani kwenu. Ukiiona miguu ya Yesu chini ya meza, basi picha yako haikutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa Milan kama ulivyo leo. Imepitia kwa wachoraji walioinakili kabla ya mlango kutobolewa, au kwa mtu aliyeamua kuirudisha miguu hiyo kwa brashi.

Kamera isiyoona nyekundu

Ufundi wa picha ulitangazwa rasmi mwaka 1839, Daguerre akiwa Ufaransa na Talbot akiwa Uingereza. Watu walitegemea kwamba sasa shida ya kunakili michoro imekwisha, kwani mashine haina upendeleo wala haichoki. Haikuwa rahisi hivyo.

Kitabu cha kwanza cha historia ya sanaa chenye picha za kamera kilihusu wasanii wa Uhispania. Kilitolewa na William Stirling mwaka 1848 kwa kutumia njia ya Talbot. Juzuu ya picha ilikuwa na picha 66, na zilitolewa nakala 50 tu. Lakini michoro mingi ya mafuta ilikuwa na giza na haikuweza kutolewa hadi kwenye jua, kwa hiyo mara nyingi kamera ilielekezwa kwenye michongo ya shaba na nakala ndogo za michoro hiyo. Juu ya hayo, picha zenyewe zilianza kufifia baada ya muda mfupi.

Shida kubwa zaidi ilikuwa rangi. Dawa iliyopakwa kwenye kioo cha kamera za wakati ule iliiona buluu vizuri mno, lakini kwa njano, kijani na nyekundu ilikuwa karibu kipofu. Joho la buluu la Bikira Maria lilitoka jeupe kama shuka. Vazi jekundu lilitoka jeusi kabisa. Uso wenye rangi ya joto ulitiwa giza. Sisi waandishi wa programu tungesema kifaa cha kuingiza data kilikuwa kinatupa nusu ya data, tena bila kutoa onyo lolote.

Studio zilitibu tatizo hilo kwa mkono. Fundi aliketi na kioo cha negativu na brashi, akaongeza mwanga hapa, akapunguza pale. Wakati mwingine msanii aliajiriwa kuchora upya mchoro mzima kwa kijivu na nyeupe, na kamera ikapiga ule wa kijivu badala ya ule wa asili. Mnunuzi aliambiwa hii ni picha ya mchoro wa bwana fulani, naye hakuelezwa ni mikono mingapi iliyopita hapo katikati.

Nafuu ilianza mwaka 1873, pale Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin alipogundua kwamba ukichanganya rangi fulani kwenye dawa ya kioo, kioo huanza kuuona mwanga wa kijani na njano. Katika miaka ya 1880 vioo vya aina hiyo vilianza kuuzwa. Nyekundu ilibidi isubiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Nakala isiyofifia na viwanda vyake

Picha ikififia baada ya miaka mitano huwezi kujenga biashara juu yake. Mwaka 1864 Mwingereza Joseph Swan alisajili hataza ya chapa ya kaboni, ambayo haikutumia fedha inayobadilika rangi bali unga wa kaboni ulioshikwa ndani ya gelatini. Kaboni ni masizi, na masizi hayafifii. Hataza hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa soko kubwa.

Aliyeuona mlango huo mapema ni Adolphe Braun, ambaye kampuni yake ilikuwa Dornach, karibu na Mulhouse. Alinunua haki za kutumia njia ya Swan, akawatuma mafundi wake na vioo vikubwa hadi Paris, Vienna, Florence na Roma, na kampuni ikajaza ghala kwa negativu za michoro maarufu ya majumba ya makumbusho. Mwaka 1883 kampuni hiyo ilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kuwa mpiga picha rasmi wa Louvre. Hebu tulitafakari hilo kidogo: jumba kubwa la sanaa, mali ya taifa, liliikabidhi kampuni moja nafasi ya kwanza ya kutoa nakala za hazina zake kwa kizazi kizima.

Florence kulikuwa na ndugu Alinari, walioanza miaka ya 1850. Paris kulikuwa na Goupil, aliyekuwa na kiwanda cha kuchapa nje ya mji na matawi katika miji kadhaa, na aliyeuza nakala kwa bei za tabaka mbalimbali. Kati ya mwaka 1869 na 1876 Goupil alikuwa na karani kijana aliyefanya kazi The Hague, kisha London na Paris. Kijana huyo aliitwa Vincent van Gogh. Alijifunza michoro mingi ya ulimwengu kupitia nakala za rafu za mwajiri wake, na leo nakala za alizeti zake zinauzwa kila mahali.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuifanya picha ichapwe pamoja na maandishi, kwa wino wa kawaida. Ujanja ulikuwa kuigawanya picha katika nukta ndogo ndogo, kubwa kwenye giza na ndogo kwenye mwanga, ili jicho lizichanganye lenyewe. Georg Meisenbach wa Munich alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1882. Miaka miwili kabla, tarehe 4 Machi 1880, gazeti la The Daily Graphic la New York lilikuwa limechapisha moja ya picha za mwanzo kabisa za gazetini zilizotengenezwa kwa nukta. Unajua ilikuwa picha ya nini? Mtaa wa mabanda wa New York. Yaani ufundi uliokuja kuzaa piseli zetu ulijaribiwa mapema kwa picha ya mtaa uliofanana na Kibera.

Nani mwenye nakala?

Hapa ndipo mambo yanapowahusu wenzangu wa programu. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1862 iliyozilinda kwa mara ya kwanza picha za rangi na picha za kamera kwa pamoja. Mwaka 1869 ikaja kesi ya Graves. Henry Graves alikuwa mfanyabiashara wa picha London, na alimshtaki mtu aliyekuwa akiuza nakala za kamera za picha zake. Mmoja wa utetezi ulikuwa kwamba picha ya kamera iliyopigwa kutoka kwenye mchongo si kazi ya asili, kwa hiyo hailindwi. Mahakama ilikataa hoja hiyo. Ikasema kwamba picha ya kamera iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine nayo ni kazi ya asili.

Maana yake ni nzito. Mchoraji anaweza kuwa alikufa zamani na mchoro wake ukawa mali ya wote, lakini mwenye kamera anaweka kufuli jipya juu yake. Na kama makumbusho yanamruhusu mpiga picha mmoja tu kuingia, kufuli hilo halina ufunguo wa pili. Ilichukua miaka 130 kwa mahakama moja ya New York, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel ya mwaka 1999, kuamua kinyume: picha inayonakili kwa uaminifu mchoro ambao umeshakuwa mali ya umma haipati hakimiliki mpya. Ndiyo maana leo unaweza kupakua Mona Lisa kutoka Wikimedia Commons bila kumwomba mtu.

Safari ya kuja huku

Picha za Biblia zilianza kusafiri Afrika mapema. Mwaka 1854 David Livingstone alifika kwa chifu Shinte, katika nchi tunayoiita Zambia leo, akiwa na taa ya kutupa picha ukutani. Aliwaonyesha Abrahamu akiwa ameinua kisu juu ya Isaka. Alipokuwa akiisogeza picha, wanawake waliona kisu kinawajia, wakapiga kelele na kukimbia. Shinte alibaki ameketi hadi mwisho, kisha akakichunguza chombo chenyewe. Mimi humpenda sana Shinte kwa hilo. Wengine waliitazama picha, yeye alitaka kujua mashine inafanyaje kazi.

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Mwaka huohuo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka misheni ya St Austin's upande wa Lavington, jirani na Kawangware. Waskoti walikuwa wameshafika Thogoto mwaka 1898. Kibera ilianza kukaliwa na askari Wanubi kuanzia mwaka 1904, nao walikuwa Waislamu. Hadi leo katika nyumba za Makina utaona picha ya Al-Kaaba badala ya Karamu ya Mwisho. Wakristo waliohamia baadaye kutoka magharibi, kati na mashariki ya nchi walikuja na imani iliyokwisha kupata sura zake, na sura hizo zilikuwa zile zilizokuwa tayari kwenye mabamba na negativu za Ulaya. Baadaye Marekani iliongeza ya kwake. Kichwa cha Kristo cha Warner Sallman wa Chicago, cha mwaka 1940, kinakadiriwa kuchapwa zaidi ya mara milioni 500.

Na mchoro wa Murang'a je?

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika haya. Chini ya kilomita 100 kutoka Kibera, katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, kuna michoro mikubwa ya ukutani iliyochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro. Ndani yake Yesu ni Mwafrika, na mandhari ni ya Waafrika. Anazaliwa, anabatizwa, anakula karamu ya mwisho, anaomba Gethsemane, anasulubiwa. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Yaani ile karamu na ile Gethsemane tunazozitundika zipo hapa nyumbani, zimechorwa na mtu wa kwetu, kwa kumbukumbu ya watu wetu.

Mwenye duka moja la fremu Kawangware aliwahi kuniomba nimtengenezee programu ndogo ya kupanga picha anazochapisha kwa wateja. Nilipoifungua folda yake nilikuta mafaili kama yesu1, yesu2, karamu_mpya, karamu_kubwa. Hakuna hata moja lililokuwa na jina la mchoraji. Michoro ya Murang'a haikuwamo. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu, "Kaka, mimi nachapisha kile kilichoko kwa mtandao. Hiyo ya Murang'a sijaiona huko, na mteja hawezi kuitisha picha ambayo hajawahi kuona."

Huyo ndugu alinieleza kwa sentensi mbili yale ambayo mimi nimeyazunguka kwa kurasa nzima. Karamu ya Milan ilipata mchongo wa shaba, ikapata kioo, ikapata kaboni, ikapata nukta, ikapata faili. Kila hatua ilifanya inayofuata iwe rahisi na ya bei nafuu. Ya Murang'a haikupata foleni hiyo, na asiye kwenye foleni hafiki ukutani.

Njau mwenyewe alikuwa na maneno makali kuhusu kunakili. Katika Paa ya Paa, kituo cha sanaa alichokianzisha na wenzake Nairobi mwaka 1965, ujumbe wake maarufu kwa wasanii ulikuwa kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Alikuwa akiwaonya wachoraji wasiige kazi za wengine, na ni onyo la haki. Lakini kuiga mtindo wa mwenzako na kueneza kazi yake kwa jina lake ni mambo mawili tofauti. La kwanza linaua ubunifu. La pili ndilo lililomfanya Leonardo ajulikane Kawangware.

Kamera sasa iko mfukoni mwetu

Leo Kibera ina wachoraji wake. Kundi la Maasai Mbili lilianzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wachora mabango. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, msanii anayejulikana kama Solo 7 aliandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati ya Kibera, na picha za maandishi hayo zikazunguka dunia. Zilisambazwa na watu wenye kamera, na mara nyingi bila jina la aliyeshika brashi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini pia ina nafasi inayoruhusu kunakili kazi ya sanaa iliyowekwa mahali ambapo umma unaweza kuiona. Kwa hiyo mchoro uliotundikwa ndani ya studio una ulinzi imara kuliko ule ulio kwenye ukuta wa barabara. Msanii wa mtaani, ambaye ukuta ndio makumbusho yake, ndiye mwenye kufuli jepesi zaidi.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa wenzangu wenye simu na kompyuta.

Kwanza, ukipiga picha ya mchoro, andika ndani ya faili jina la mchoraji, mahali na mwaka. Braun na Alinari walikuwa na katalogi zenye namba na majina. Tusishindwe na watu wa vioo na masizi.

Pili, piga mchoro mzima, na usiulazimishe kuingia kwenye karatasi. Ukuta wa Milan una upana wa sentimita 880 na kimo cha sentimita 460. Karatasi ya A3 ni fupi zaidi kwa upana, na ukiijaza bila kuacha nafasi unapoteza kama robo ya mchoro. Mitume wa pembeni, Bartholomayo upande mmoja na Simoni upande wa pili, hukatwa na kubaki nje ya karamu. Nimeona karamu za watu tisa mtaani.

Tatu, na ndilo kubwa, ukitaka kuuza nakala nenda ukazungumze na mchoraji au na wenye haki zake, mkubaliane mgawo. Goupil alijenga biashara yake kwa kununua haki kutoka kwa wachoraji waliokuwa hai, na baadhi yao walitajirika. Duka la fremu lenye printa nzuri Kawangware linaweza kufanya vivyo hivyo na wachoraji wa Kibera, hata kwa shilingi chache kwa kila nakala.

Foleni ya kunakiliwa haijafungwa. Katika karne ya 19 ilihitaji hataza, ghala la vioo na mkataba wa miaka 30. Leo inahitaji simu, mwanga mzuri wa saa nne asubuhi, jina lililoandikwa sawasawa, na makubaliano ya haki. Fundi wa fremu ameshasema atachapisha kile kilichopo. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba cha kwetu kipo.